Wasomaji Walioyaandika Magazeti Yao

Magazeti ya kwanza ya Kiswahili hayakuajiri waandishi wa habari. Mhariri alikuwa mmoja, aghalabu mwalimu au mmisionari mwenye shughuli nyingine za kutwa, na mtambo wa kupigia chapa ulikuwa katika uwanja wa shule. Habari zilitoka kwa wasomaji. Aliyelipokea gazeti Newala ndiye aliyeombwa aandike mambo ya Newala, na baada ya wiki kadhaa aliyakuta yamechapishwa pamoja na ya miji ambayo hajawahi kufika. Ombi hilo limedumu kwa zaidi ya miaka 130. Njia ya kufikisha maandishi imehama kutoka posta hadi simu na intaneti, na walioomba wamekuwa wa kila namna: misheni, serikali, vyama, kampuni na watu binafsi. Kila mmoja wao aliweka masharti ya nani aandike, kwa hati gani na juu ya jambo gani, na mara nyingi wasomaji waliyatumia masharti hayo kwa makusudi yao wenyewe.

Kuandikiana kabla ya gazeti

Pwani ya Afrika Mashariki ilizoea kuandikiana muda mrefu kabla ya mitambo ya chapa kufika. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu zimehifadhiwa Goa, nchini India, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya lugha hii yaliyosalia. Barua ilikuwa na utaratibu wake: salamu, kujuliana hali, kisha haja yenyewe, na mwisho salamu tena kwa jamaa na marafiki. Utaratibu huo ulihamia magazetini, na barua nyingi kwa wahariri zilipita kwanza katika salamu kabla ya kufika kwenye jambo.

Msingi wa pili ulikuwa ushairi wa kujibizana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama, washairi wa pande mbili walipelekeana tungo za kejeli, vitisho na mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, ndiye anayekumbukwa zaidi. Mmoja alitoa fumbo, mwenzake akalifumbua kwa shairi la bahari ileile. Kwa desturi hiyo, anayepokea shairi hupokea pia deni la kulijibu. Gazeti lilipokuja, jambo jipya lilikuwa kwamba wanaojibizana waliweza kuwa hawajuani kabisa, na mashahidi wao wakawa maelfu.

Msimulizi wa Kiungani

Shirika la misheni la Kianglikana lililojulikana kwa kifupi kama UMCA lilihamishia makao yake Unguja mwaka 1864. Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alisimamia uchapaji wa vitabu vya Kiswahili huko, na kazi hiyo iliendelea baada ya kifo chake mwaka 1882. Shule kuu ya misheni ilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa; baadaye walijiunga watoto kutoka bara.

Waliohitimu Kiungani walipelekwa kufundisha mbali: Magila katika nchi ya Wabondei, Masasi na Newala upande wa Ruvuma, na mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1888 shule ilianzisha gazeti dogo, Msimulizi, linalohesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Liliwaunganisha walimu hao waliotawanyika. Waliandika kuhusu safari, sikukuu za kanisa, wanafunzi wapya, maradhi na misiba, na barua zao zilipochapishwa zilirudi kwao zikiwa na habari za wenzao. Katikati ya miaka ya 1890, Magila nayo ilianza kutoa gazeti lake, Habari za Mwezi, kwa mpango uleule.

Mwaliko wa aina hii ulikuwa mpana kwa umbali na mwembamba kwa watu. Walioandika walijuana, walisoma shule moja na walifuata dini moja. Mhariri hakuhitaji kuuliza mwandishi ni nani, kwa sababu alikuwa amemfundisha. Walioachwa nje walikuwa wengi, na kwanza kabisa ni watu wa pwani waliosoma kwa hati za Kiarabu. Hati za Kilatini zilikuwa za shule ya misheni, na asiyepita huko hakuwa na njia ya kuingia gazetini hata kama alikuwa mwandishi hodari.

Kiongozi wa Tanga

Wajerumani walipoitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika walihitaji makarani, walimu na maakida, yaani watawala wa ngazi ya chini, waliojua kusoma na kuandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shule ya serikali Tanga, isiyo ya dini, iliyopokea watoto wa Kiislamu na wengineo. Shule hiyo ilikuwa na mtambo wake, na mnamo 1904 ikaanza kutoa Kiongozi, gazeti la kila mwezi lililokusudiwa watu wote wa koloni. Lilisimama mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipouteka mji wa Tanga.

Kiongozi lilirithi utaratibu wa Msimulizi, likaupanua. Wahitimu wa Tanga walikuwa wamepangwa katika vituo vya serikali kuanzia pwani hadi maziwa makuu, na kila kituo kikawa na mtu wa kuandika. Barua zilipangwa kwa majina ya miji. Msomaji wa Tanga alipata habari za mvua na mavuno ya bara, bei za bidhaa, ujio wa maofisa, maradhi ya mifugo, na simba walioingia vijijini.

Serikali ilikuwa na faida yake katika mpango huu, kwani ilipata gazeti la kusifu kazi zake kwa gharama ndogo. Wenye kuandika nao walikuwa na yao. Karani kijana aliyepelekwa wilaya ya ugenini hakuwa na ukoo wala ardhi hapo. Jina lake likionekana gazetini, alijulikana kuwa mtu wa kalamu. Wengi waliandika juu ya ustaarabu, neno lililobeba heshima ya zamani ya pwani pamoja na elimu mpya ya shule, na kwa neno hilo walijitenga na wale waliowaona kuwa bado gizani. Kuandika gazetini kukawa sehemu ya kujenga tabaka la wasomi.

Mwaka 1910 misheni za Dar es Salaam ziliingia katika kazi hiyo: Walutheri kwa gazeti la Pwani na Bara, Wakatoliki kwa Rafiki Yangu. Hata hayo yaliisha na vita, lakini mazoea yalibaki. Watu walikwisha jua kwamba gazeti ni mahali pa kupeleka maneno yao.

Mambo Leo

Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika chini ya Waingereza ilitoa toleo la kwanza la Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la kila mwezi, likaishi kwa takriban miaka arobaini, na hakuna gazeti lililowalea waandishi wengi wa Kiswahili kama hilo. Ndani yake kulikuwa na masomo ya kilimo na afya, hadithi za kuendelea, habari za miji, barua na mashairi. Sehemu tatu za mwisho zilitegemea wasomaji moja kwa moja.

Nakala moja ilisomwa na wengi. Ilipita mkono kwa mkono, na ilisomwa kwa sauti barazani kwa wasiojua kusoma. Kwa hiyo aliyeandika kutoka Tabora au Lindi alijua kwamba jina lake litatajwa mbele ya watu ambao hawakununua gazeti. Aliyekosea angesahihishwa hadharani vilevile.

Kwa kuwa lilikuwa gazeti la serikali, Mambo Leo halikufungua kurasa zake kwa siasa ya kuipinga. Wasomaji walizipitisha hoja zao katika mambo yaliyoruhusiwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 palizuka mabishano marefu juu ya dansi, mchezo wa mijini wa kucheza wawili wawili kwa muziki wa bendi. Wapo waliodai kwamba dansi huharibu heshima na kuwavunjia wazee adabu; wengine walijibu kwamba ni alama ya ustaarabu na maendeleo. Wenye kubishana walikuwa wakijadili mavazi, ndoa, mamlaka ya wazee na haki ya vijana wa mjini kujiamulia. Haya yote yalikuwa mambo ya siasa kwa maana pana, ingawa neno siasa halikutajwa. Karibu waandishi wote walikuwa wanaume, na wanawake walizungumziwa mara nyingi zaidi kuliko walivyozungumza.

Gazeti hilo pia lilikuwa darasa la lugha. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Barua ya msomaji iliyoandikwa kwa lahaja ya kwao ilitoka gazetini ikiwa na tahajia mpya, naye akajifunza kwa kulinganisha alichotuma na alichokisoma.

Magazeti yenye wenyewe

Wakati huohuo walijitokeza Waafrika na watu wa pwani waliotaka kurasa zao wenyewe. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza mwaka 1930 kutoa Sahifa, karatasi ya mawaidha kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Shabaha yake ilikuwa kuwaamsha Waislamu wa pwani katika elimu, dini na uchumi. Hati aliyoichagua iliwarudisha katika mjadala watu walewale walioachwa nje na magazeti ya misheni.

Dar es Salaam, Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda, alianzisha Kwetu mwaka 1937. Lilikuwa gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Miaka mitatu kabla yake Fiah alikuwa ameunda chama cha kutetea ustawi na biashara za Waafrika, na gazeti likachukua sauti hiyo. Malalamiko ambayo yasingepita katika gazeti la serikali, kuhusu mishahara, ubaguzi na nafasi ya Mwafrika katika biashara, yalipata pa kwenda. Fedha ndizo zilizokuwa tabu ya kudumu. Gazeti la serikali lilibebwa na bajeti. Kwetu lilitegemea kununuliwa, na msomaji aliombwa atume habari pamoja na senti zake.

Nairobi, kampuni ya gazeti la East African Standard ilianzisha Baraza mwaka 1939, vita kuu ya pili ilipoanza. Mhariri wake wa miaka ya mwanzo alikuwa Francis Khamisi, aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya. Jina la gazeti lilieleza kazi yake: mahali pa kukaa na kuzungumza. Baraza liliendelea hadi mwaka 1979, na kurasa zake za barua na mashairi zilipokea tungo kutoka Kenya na kutoka ng'ambo ya mipaka yake.

Ukurasa wa mashairi

Hakuna mwaliko uliopokewa kwa shauku kama ule wa mashairi. Shaaban Robert, karani wa forodha aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alianza kujulikana kwa tungo alizotuma Mambo Leo. Saadan Kandoro, Mathias Mnyampala na Amri Abedi nao walipita njia hiyo. Wengi wao walikuwa watumishi wa serikali, wakihamishwa kutoka kituo hadi kituo, na gazeti ndilo lililokuwa anwani yao ya kudumu.

Mpango wa ukurasa ulifuata desturi ya majibizano. Mshairi aliuliza swali katika beti chache: kipi bora, mali au elimu, nani mwenye kosa, aliyekopa au aliyekopesha? Majibu yalimiminika kwa miezi. Wengine walitumia lakabu, na lakabu hizo zikawa maarufu kuliko majina yao. Mafumbo yaliwapa wahariri na watawala kazi ngumu, kwa sababu shairi la wanyama au wadudu lingeweza kusomwa kama hadithi ya watoto au kama wito wa umoja dhidi ya ukoloni. Kandoro, stadi wa mafumbo hayo, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1954.

Sharti kuu la ukurasa lilikuwa vina na mizani. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kwa aliyeko mbali na pwani, asiyekulia miongoni mwa malenga, sheria zilizoandikwa zilikuwa ufunguo: aliweza kuhesabu silabi 16 za mstari, nane kwa nane, na kujua kama shairi lake litafaa. Ndivyo ushairi wa pwani ulivyopata watunzi Wagogo, Wanyamwezi na Wahaya. Sheria hizohizo zilikuwa pia ukuta. Katika miaka ya 1970 washairi wa vyuo vikuu, akiwemo Euphrase Kezilahabi, walipotunga bila vina wala mizani, mgogoro uliozuka ulipiganwa kwa sehemu kubwa katika magazeti na majarida, na watunzi wa ukurasa wa mashairi walisimama imara upande wa kanuni.

Uhuru, redio na kisomo

Kuelekea uhuru magazeti ya Kiswahili yaliongezeka. Mwafrika lilianza mwaka 1957, Ngurumo mwaka 1959, na Uhuru la TANU mwaka 1961. Kenya ilipata Taifa, lililokuja kuwa Taifa Leo. Sasa palikuwa na waandishi wa kulipwa, na habari za miji hazikumtegemea tena msomaji. Nafasi yake ilihamia katika safu za barua na mashairi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea nchini Tanzania, mwaliko ulipata sharti jipya. Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere aliwataka washairi wasaidie kulieleza azimio kwa wananchi. Mnyampala alijibu kwa kuendeleza ngonjera, mashairi ya kuhojiana yanayoigizwa mbele ya watu, na mwaka 1970 zikatoka kitabuni kwa jina la chama cha ushairi, UKUTA. Mwandishi aliyekaribishwa alikuwa mwananchi anayejenga taifa, na upinzani wake ulipimwa kwa kipimo hicho.

Kampeni za kufuta ujinga zilizalisha wasomaji wapya mamilioni, ambao wengi wao wangesahau kusoma kama wangekosa cha kusoma. Ndiyo maana mwaka 1974 gazeti la vijijini Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Lilikuwa na lugha nyepesi na habari za kilimo, afya na ushirika, na liliwahimiza wanakisomo waandike wenyewe. Aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima alipata sababu ya kutumia kalamu zaidi ya kutia sahihi.

Redio ilikuwa na mwaliko wake. Wasikilizaji walituma kadi za salamu zilizouzwa madukani, wakitaja majina ya ndugu na marafiki, na mtangazaji alizisoma moja baada ya nyingine. Kadi haikudai ufundi wa kutunga, hivyo iliwafikia watu ambao ukurasa wa mashairi uliwashinda. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, iliendesha mashindano ya hadithi fupi katika miaka ya 1960, na hadithi zilizochaguliwa zikatolewa kama vitabu. Mashindano yalileta kishawishi kingine cha kuandika: zawadi.

Simu na intaneti

Vyama vingi viliporuhusiwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990, magazeti ya watu binafsi yaliongezeka. Simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000, ujumbe mfupi ulichukua nafasi ya barua. Maoni yalifika siku hiyohiyo, lakini yalifupika. Salamu ndefu za barua ya kale zilitoweka, na hoja ilitakiwa itoshe katika mistari michache.

Katika intaneti, mwaliko wa mapema ulihusu lugha yenyewe. Mwaka 1994 mradi wa kamusi hai ya Kiswahili ulianza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wasemaji popote walipo wakakaribishwa kuongeza maneno na kusahihisha tafsiri. Mwaka 2003 ilianza Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo inayoandikwa na yeyote. Hapa utaratibu wa karne nzima uligeuzwa: magazeti yalihariri kwanza kisha yakachapisha, lakini Wikipedia huchapisha kwanza, na usahihisho hufuata. Kazi ya mhariri iligawiwa wachangiaji wachache waliojitolea.

Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki ili waongeze makala katika kamusi elezo hiyo. Mamia ya makala yaliingia ndani ya miezi michache. Lakini zawadi zilipokwisha, wengi wa washiriki hawakuendelea. Walimu wa Kiungani na makarani wa Tanga waliandika miaka nenda rudi bila malipo kwa sababu waliona majina yao yakichapishwa na yakisomwa na wenzao. Makala ya kamusi elezo haina jina la mwandishi juu yake.

Swali la dhima lilirudi pia. Mhariri wa gazeti siku zote alijibu mbele ya sheria kwa barua aliyoichapisha, na kwa hiyo alimtaka mwandishi ataje jina na anwani hata kama angetumia lakabu. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania ziliwapa wenye tovuti wajibu unaofanana na huo: walitakiwa kuwa na leseni, iliyogharimu pamoja na maombi na ada ya mwaka shilingi milioni mbili na ziada, na kuweza kuwatambua wanaochapisha katika kurasa zao. Baadhi ya wenye kurasa ndogo walizifunga. Kanuni zilifanyiwa mabadiliko katika miaka iliyofuata, lakini msingi wa dhima ya mchapishaji kwa maneno ya wageni wake ulibaki.

Wakati hayo yakiendelea, magazeti ya Kiswahili yaliendelea kupokea mashairi ya wasomaji. Taifa Leo ni mfano: tungo hufika kutoka kwa walimu, wanafunzi na wafanyakazi wa miji mbalimbali, nyingi zikiwa na lakabu ya mtunzi chini yake, na nyingine zikimjibu mshairi wa toleo lililopita.